Mwosha Huoshwa: Tahakiki ya Marudio ya Picha za Vifo Viwanjani

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa somo la wanaisimu: picha za wanamichezo wanaofikwa na mauti mbele ya kamera, na namna picha hizo zinavyotangazwa na kurudiwa. Wanasheria huliangalia jambo hili kwa upande wa haki za mtu, na wanahabari kwa upande wa miiko ya kazi yao. Sisi tunapenda kuliangalia kwa upande wa lugha. Kutangaza kifo ni tendo la usemi. Lina msemaji, lina msikilizaji, lina utaratibu wake na maneno yake. Kiswahili kina utaratibu huo tangu kale, na tunaamini kwamba unatosha kuwa kipimo cha kuyapimia yale yanayofanywa na televisheni na simu za mkononi.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio dogo. Huku Wamaza, vijana watatu walikuwa wameketi barazani jioni wakitazama simu moja. Mlikuwamo mkanda mfupi uliounganishwa kwa vipande vingi: wachezaji wa mpira wakianguka uwanjani mmoja baada ya mwingine, na muziki umewekwa juu yake. Mahali pale hapakuwa na mtandao. Mkanda ulikuwa umefika kwa kadi ya simu, ukipita mkono kwa mkono kama nyimbo zinavyopita. Mzee mmoja aliinama akatazama, kisha akamwuliza mwenye simu: "Mutoto wangu, uyu ni mutoto wa nani?" Kijana akajibu: "Sijue, baba." Mzee akasema: "Basi, mufunike." Akaenda zake.

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo tutakayojaribu kuyafafanua. Dai letu ni moja. Picha ya moja kwa moja haina kosa, kwa kuwa kamera haikujua litakalotokea. Lakini marudio ni kauli, na kila kauli ina mwenyewe ambaye hana budi kuulizwa.

2. Tanzia na sitara

Neno tanzia, ambalo leo tunalitumia kwa maana ya tangazo la kifo, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuwaliwaza wafiwa. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Kiswahili kimeipa habari ya kifo jina la faraja. Vivyo hivyo neno marehemu: halisemi tu kwamba mtu hayupo, bali linamwombea rehema. Hata vitenzi vyenyewe vina adabu yao. Mnyama hufa. Binadamu naye hufa, lakini anayetangaza habari yake mbele ya watu husema amefariki, ameaga dunia, amefikwa na mauti, ametangulia mbele ya haki.

Kuna pia utaratibu wa kufikisha habari. Mjumbe wa msiba hatumwi ovyo; huchaguliwa mtu mzima mwenye busara. Mfiwa huketishwa kwanza. Mara nyingi huambiwa kwamba mgonjwa amezidiwa, na kumbe amekwisha kufariki, ili moyo upate kutangulia kabla ya neno. Walio karibu huambiwa mbele ya walio mbali. Anayezusha habari ya kifo sokoni kabla ya nyumbani kupata habari huhesabiwa kuwa ametenda kosa, hata kama aliyoyasema ni kweli tupu.

Nguzo ya pili ni sitara. Kasongo ni mji ambao Kiswahili na Uislamu viliuingia pamoja katika karne ya 19, zama za Tippu Tip na wafanyabiashara waliotoka pwani, na desturi za mazishi zinajulikana hata na majirani wasio Waislamu. Maiti huoshwa faraghani, huku amefunikwa. Mwosha hutakiwa kuficha aibu yoyote atakayoiona mwilini. Akitoka nje hasimulii. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mwosha huoshwa. Methali hiyo huweza kuchukuliwa kama kitisho, lakini tunaiona zaidi kuwa ni hoja: umtendee huyu kama utakavyopenda kutendewa siku usiyokuwa na mkono wa kuvuta nguo.

Kwa kipimo hiki, mpiga picha aliyejikuta mbele ya mtu anayekata roho uwanjani amekabidhiwa kazi ya mwosha bila ya kuiomba. Hakuna anayemlaumu kwa kuona. Swali ni atasimulia nini akitoka nje.

3. Lyon, 2003

Mfano wa kwanza unajulikana na kila mpenzi wa kandanda katika Afrika. Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, Kamerun ilikuwa ikicheza na Kolombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72, Marc-Vivien Foé, kiungo mwenye umri wa miaka 28, alianguka katika duara la katikati bila ya mtu yeyote kumgusa. Madaktari walijitahidi kumhuisha kwa muda wa kama dakika 45, wakashindwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao msuli wake hunenepa kuliko kawaida, ugonjwa ambao mtu huweza kuishi nao bila ya kujua.

Wenzake waliendelea na mchezo na kushinda kwa bao 1–0. Habari ya kifo waliipata baada ya filimbi ya mwisho. Kwa hiyo utaratibu wote wa tanzia ulikuwa umepinduliwa: walio mbali, katika nchi wasizozijua, walikuwa wamekwisha kuuona uso wake na macho yaliyogeuka, ilhali waliovaa jezi moja naye walikuwa bado wanakimbiza mpira.

Hata hivyo, hatuoni kwamba saa ile kulikuwa na wa kulaumiwa. Picha ilikuwa ikienda moja kwa moja, na fundi wa picha hakuwa daktari. Lawama inaanza siku ya pili, pale mhariri anapokaa mbele ya mashine, anajua kwamba mtu huyu amefariki, anaichagua sehemu ile ya uso kati ya dakika 90 za mchezo, na kuirudisha. Tangu hapo si ajali tena. Ni sentensi iliyotungwa.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto mwaka ule. Vita vilikuwa vimezifunga njia nyingi za Maniema, na habari za Foé tulizipata kwa redio. Mtangazaji wa redio hana uso wa kuonyesha. Hana budi kuchagua neno, na katika kuchagua neno anajulikana kama ana adabu au hana. Tulilia kwa sababu ya neno. Uso wenyewe tulikuja kuuona miaka mingi baadaye katika simu, na wakati huo hapakuwa na aliyelia.

4. Sarufi ya marudio

Kwa nini neno liliweza kuliza na picha isiweze? Jibu letu ni la kisarufi. Mtangazaji akisema "alianguka", kiambishi -li- kinalifunga jambo katika wakati wake. Akiendelea, "wakamwinua, wakamtoa nje, akafariki", kiambishi -ka- kinalisogeza jambo hatua kwa hatua mpaka mwisho wake, na msikilizaji anafika mwisho huo pamoja naye. Masimulizi yana mlango wa kutokea, na mlango huo ndio unaompeleka mtu kwenye kilio na kisha kwenye kunyamaza.

Picha haina -li- wala -ka-. Picha ina -na- peke yake: anaanguka. Ikionyeshwa leo, anaanguka; ikionyeshwa mwakani, anaanguka. Na inaporudiwa mara kumi, ile -na- inageuka kuwa hu-. Mtu aliyeanguka mara moja katika maisha yake anakuwa mtu ambaye huanguka. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambako mazoea huonyeshwa kwa kiambishi cha mwishoni mwa kitenzi, tungesema anaangukaka. Kifo chake kimefanywa kuwa desturi yake.

Hapo ndipo dhuluma ilipo, na si katika damu wala katika kutisha. Foé alichezea Lens, West Ham, Lyon na Manchester City. Tarehe 21 Aprili 2003, miezi miwili tu kabla ya kifo chake, alifunga bao ambalo lilikuwa la mwisho kufungwa na Manchester City katika uwanja wake wa zamani wa Maine Road. Vijana wale wa barazani hawakupata kuliona bao hilo. Walichokuwa nacho katika simu ni sekunde chache za kuanguka, na kwao hizo ndizo zilizokuwa Foé. Marudio huichukua nukta moja ambayo mtu hakuwa na uwezo wowote juu yake, na kuifanya jina lake.

5. Bukoba, 2016

Mfano wa pili umetokea katika nchi ya Kiswahili. Tarehe 4 Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza ilicheza na ile ya Mwadui. Ismail Khalfan, mchezaji wa Mbao mwenye umri wa miaka 19, alikuwa amefunga bao. Muda mfupi baadaye alianguka, na akafariki. Picha za tukio hilo zilienea kwa kasi katika mitandao ya kijamii, zikafika mpaka kwenye vyombo vya habari vya Ulaya.

Tukiyachunguza maneno yanayofuatana na mikanda ya namna hii, tunayakuta kuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mwito: "tazama mpaka mwisho". Hiyo haihitaji uhakiki. Ni lugha ya mchuuzi. Aina ya pili ni ya watu wenye heshima zao, na ndiyo inayotushughulisha: "Tunaomba radhi kwa picha mtakazoziona." Sentensi hii inasikika kuwa na adabu. Lakini radhi inaombwa kwa nani? Inaombwa kwa mtazamaji. Yeye ndiye anayekingwa, yeye ndiye anayepewa nafasi ya kufumba macho. Aliyelala nyasini hakuombwa radhi, wala mama yake. Zaidi ya hayo, kuomba radhi kabla ya kutenda, huku umekwisha kukata shauri la kutenda, si kuomba radhi. Ni kubisha hodi huku umekwisha kuingia chumbani.

6. Ukuta wa Copenhagen

Je, yawezekana kufanya vinginevyo? Mfano wa tatu unaonyesha kwamba yawezekana, ingawa si kutoka kwa watangazaji. Tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka moyo ukiwa umesimama, katika mchezo dhidi ya Finland. Yeye hakufariki, alihuishwa palepale, na mwaka 2022 akarudi kucheza. Madaktari walipokuwa wakimshughulikia, wenzake waliunda duara kumzunguka, migongo yao ikiwa imeelekea kwake na nyuso zao nje. Picha iliendelea kurushwa duniani, mwenzi wake akaonyeshwa akilia, na BBC baadaye iliwaomba radhi watazamaji wake waliofadhaishwa na yale waliyoyaona.

Wachezaji wale hawakusoma kitabu cha maadili ya utangazaji. Walikuwa vijana wenye hofu. Lakini walitumia miili yao kuwa pazia, wakageuza nyuso zao wasimtazame. Mzee wa Wamaza angewaelewa mara moja. Walimfunika.

Katika mashindano ya magari, ambako vifo vimekuwa vingi, watangazaji wa Formula 1 wana desturi ya kutorudia picha za ajali kabla ya kujulikana kwamba dereva yu salama. Ni desturi nzuri. Hata hivyo, tarehe 29 Novemba 2020 huko Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipasuka vipande viwili na kuwaka moto, naye akatoka akiwa hai. Baada ya hapo picha zilirudiwa tena na tena. Dereva mwenzake, Daniel Ricciardo, alilalamika hadharani kwamba hayo yalikuwa kuzikosea heshima familia za madereva wote, zilizokuwa zikitazama na kungojea mbio zianze upya. Malalamiko hayo yanaongeza jambo katika dai letu: hata aliyesalimika ana haki ya kutogeuzwa kuwa mtu ambaye huungua.

7. Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ya wanaotetea marudio ni kwamba picha ni ushahidi. Hoja hii ni nzito, na sisi wa Maniema tungekuwa wa mwisho kuidharau, kwa kuwa tangu mwaka 1996 wengi wamefariki katika nchi yetu pasipo na picha wala hesabu. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough, na lawama ikatupwa juu yao wenyewe. Miongoni mwa vitu vilivyosaidia kuipindua lawama hiyo ni picha za siku ile. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la mahakama liliamua kwamba watu 96 waliuawa isivyo halali. Leo waliofariki wanahesabiwa kuwa 97. Na hapa kwetu, tarehe 11 Mei 2014, watu 15 walipoteza maisha katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, siku ya mchezo wa V. Club na TP Mazembe, katika msukumano uliofuata fujo na mabomu ya machozi. Nani atasema picha za siku hiyo zifichwe?

Hatusemi hivyo. Tunasema kwamba ushahidi na maonyesho ni vitu viwili. Picha ya ushahidi inaelekea kwenye sababu: lango lililofungwa, ukuta mbovu, askari na bomu lake, gari la wagonjwa ambalo halipo. Picha ya maonyesho inaelekea kwenye uso. Ya kwanza inamwuliza mtu aliye hai ajibu. Ya pili inamtazama mtu asiyeweza kujibu. Mahakama inahitaji kuziona zote, na izione. Baraza la wapita njia halina kesi ya kukata.

Hoja ya pili ni kwamba picha hufundisha na huokoa. Ni kweli kwamba baada ya kifo cha Foé uchunguzi wa mioyo ya wachezaji ulitiliwa mkazo, na FIFA ikauweka uchunguzi wa kiafya kabla ya Kombe la Dunia la 2006. Ni kweli pia kwamba Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka jijini London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton, aliokolewa baada ya moyo wake kukaa dakika 78 bila ya kupiga wenyewe. Lakini aliyemwokoa si mtazamaji. Waliomwokoa ni watu waliofunzwa waliokuwapo, akiwamo daktari wa moyo aliyekuja kama shabiki tu na kukimbilia uwanjani kutoka jukwaani. Anayetaka kufundisha, afundishe mikono ilivyowekwa kifuani na mashine ilivyotumika. Uso wa mgonjwa haumo katika somo hilo.

8. Pasipo picha

Tusije tukadhaniwa kwamba tunaitukuza redio na gazeti kupita kiasi. Mwezi Oktoba 1998, katika Kasai, radi ilipiga uwanja ambapo Bena Tshadi walikuwa wakicheza na Basanga. Wachezaji 11 wa timu moja walifariki, na wale wa timu ya pili wakasalimika. Habari ilitoka katika magazeti ya Kinshasa, ikazunguka dunia nzima. Haikuwa na picha hata moja. Je, marehemu wale walisitiriwa?

Hapana. Habari yao imeingia katika orodha za maajabu ya kandanda, karibu na hadithi za mbwa walioiba mpira. Mkazo umewekwa kwenye mambo ya uchawi na kwenye hesabu ile ya ajabu, 11 kwa sifuri. Majina yao hayasomwi humo. Ni vijana 11 wa watu, waliofariki katika mwaka wa vita, na dunia iliwajua kwa ajili ya kushangaa tu.

Kwa hiyo kutokuwapo kwa picha si sitara. Neno pia laweza kuvua nguo. Kinachomsitiri mtu ni swali lile la kwanza: huyu ni mtoto wa nani? Habari inayoanza na swali hilo haiwezi kuishia katika kicheko, wala haiwezi kuwekewa muziki.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili hakihitaji kuazima maadili ya kutangaza vifo vya viwanjani. Yamo tayari katika neno tanzia, katika neno marehemu, na katika desturi ya kusitiri. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa watangazaji wetu, na hasa kwa wanafunzi wetu, ambao leo kila mmoja ana kamera mfukoni.

Kwanza, mtu akianguka, picha irudi nyuma ionyeshe uwanja mzima, na mtangazaji ajifunze kunyamaza. Pili, jina lisitajwe kabla ya nyumbani kwake kupata habari. Tatu, ikiisha kujulikana kwamba amefariki, sehemu ile isirudiwe. Anayetaka kumkumbuka aonyeshe bao lake. Nne, picha inayohitajiwa kwa ushahidi ipelekwe kwa wenye kuuliza, na inapoonyeshwa kwa watu wote ielekezwe kwenye sababu, uso ukiwa umefunikwa.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haina askari wa kuilinda. Kadi ya simu inayopita mkono kwa mkono kutoka Kasongo hadi Kabambare haipiti mbele ya mhariri yeyote. Kila anayeipokea ndiye mhariri, na kidole chake ndicho kinachoamua kama mtoto wa mtu ataanguka tena jioni hii. Sheria haitamfikia huko. Labda lugha itamfikia, maana hu- ya methali yetu haimbagui mtu: mwosha huoshwa, na aliyetazama naye atatazamwa.